Makaburi ya Zizini

Ninyi madiwani wapya mlioapishwa juzi, mmeniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Wengine mmeomba kwa heshima, wengine mmeomba kwa kuwa mnadhani sina la kufanya tangu kura za maoni ziniache pembeni. Yote sawa. Nimeandika mwenyewe, kwa mkono huu ulioshika nyundo kabla haujashika kalamu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, ifuateni tu, itawafikisha.

Sitawasimulia nilivyopanda kutoka udiwani hadi umeya hadi ubunge, wala nilichokuwa napewa mwisho wa mwezi. Hayo ndiyo mnayouliza kwanza, kwa hiyo najua mmeshayapata kwa wengine. Nitawaambia kazi yenyewe ilivyo. Na nitawaambia habari ya Itale, kitongoji nilichozaliwa, mahali ambapo nilitumia kila nilichojifunza, nikashinda kila kikao, na leo hii baba yangu sijui alipo.

Mimi sikutoka kwenye familia ya watu wa ofisi. Nilianza kwa kuchekecha mchanga wa almasi kule Songwa, nikaenda Isaka kushusha mizigo kwenye mabehewa na kuipandisha kwenye malori yanayovuka mpaka, kisha nikaingia kwenye maduara ya dhahabu, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, upande wa Geita. Wenzangu wakipata walikuwa wanakunywa. Mimi nikipata nanunua tofali. Nikanunua karasha la kusagia mawe, nikaongeza jingine, nikajenga Nyasubi nyumba ambayo watu walikuwa wanapita kuitazama Jumapili wakitoka kanisani. Sijisifu, nasema ilivyokuwa.

Siasa ilinikuta kwenye maduara. Wachimbaji wakigombania mpaka wa shimo kwa shimo, chini kule kusiko na jua, walikuwa wananiita mimi. Nilishuka kwa kamba, nikawasikiliza wote wawili huko huko chini, na sipandi mpaka waelewane. Mtu akiwa chini ya ardhi na mgomvi wake, na tochi ni moja, hagombi muda mrefu. Nikawa na jina, na jina likanipeleka kwenye udiwani.

Siku yangu ya kwanza kwenye baraza nilifanya nilivyolelewa. Nilimsalimia kila mtu kwa mkono, nikaanza na wazee, nikazunguka ukumbi mzima, shikamoo, marahaba, za nyumbani, mvua huko imenyesha. Kumbe kikao kilikuwa kimeshafunguliwa. Mwenyekiti alikuwa amekaa ananitazama.

“Mheshimiwa diwani mpya,” akasema, “ukimaliza sherehe tutaomba tuendelee.”

Ukumbi ukacheka. Mama mmoja akanivuta koti nikakaa kando yake. Huyo alikuwa Mama Kulwa, diwani wa viti maalumu, ambaye zamani aliuza dagaa sokoni na sauti yake ilikuwa bado ya sokoni.

“Wamekutoa wapi wewe?” akaninong’oneza.

“Kwenye maduara, mama.”

“Nilijua. Unasalimia kama unamwita mtu aliye shimoni. Hapa wote tuko juu, punguza.”

Mama Kulwa ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kusoma makabrasha ya kikao kuanzia nyuma, kwa sababu mbele wanaweka maneno ya kukaribishana na jambo lenyewe wanalificha kwenye kurasa za mwisho, mtu akiwa ameshasinzia. Alinifundisha kwamba nikisimama nisimamie jambo moja, nisiwe kama mtu anayemwaga gunia la mchanganyiko. Na alinifundisha kwamba jambo zito haliambiwi watu mtu akiwa amesimama. Ukisimama wanakuona askari. Kaa chini, kaa karibu, useme.

Kwa ajili hiyo nilinunua kigoda cha mti, nikakiweka nyuma ya gari pamoja na mabuti ya mpira na kipaza sauti. Hivyo ndivyo vilikuwa vifaa vyangu vya kazi. Joho la umeya nililivaa pale ilipolazimu tu. Ni zito, linachemsha mwili, na halina mifuko, kwa hiyo mtu akikupa karatasi unaishika mkononi kama mhudumu wa hoteli.

Nilipokuwa meya, kina mama wa mboga walikuwa wamejaa barabarani pale Nyasubi kiasi kwamba gari la wagonjwa halipiti. Wenzangu walitaka mgambo. Mimi nilikwenda asubuhi na kigoda changu, nikakaa katikati ya matenga.

“Meya, leo umefukuzwa nyumbani?” mmoja akauliza.

“Nimekuja kununua.”

“Basi nunua uondoke. Miguu yako imefunika nyanya zangu.”

Nilinunua, lakini sikuondoka. Nilikaa nao nikachambua matembele mpaka likaja gari la wagonjwa, maana lilikuwa linakuja karibu kila siku, likapiga king’ora, likakwama. Ndani kulikuwa na mwanamke mwenye uchungu wa kujifungua, tunamsikia. Niliendelea kuchambua. Wale mama walisogeza matenga wenyewe, na kabla jua halijawa kali walikuwa wananiuliza kile kiwanja tulichowatengea kina choo au hakina. Wakahama bila kupigwa mtu. Mpaka leo hakuna meya aliyewahi kuliondoa soko kwa matembele, na mkimpata nileteeni nimpe mkono.

Nawaambia haya ili mjue nilikwenda Itale nikiwa na nini mkononi. Sikwenda kama mtu asiyejua kazi.

Mgodi mkubwa ulitaka kupanua shimo, na Itale ilikuwa imekalia mwamba wenye dhahabu. Wakati huo nilikuwa mbunge. Kuhama kulikuwa hakuzuiliki, hilo nililiona mapema, na sikuwadanganya watu. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya nzengo, yaani majirani wote wa kitongoji wanaozikana na kulimiana, nikawaambia wazi: kuondoka tutaondoka, tupiganie tunaondokaje. Tukapigania. Nyumba za bati zilipatikana, zahanati ikapatikana, kisima kikapatikana. Likabaki jambo la makaburi.

Siku hizi wengi wetu tunazika kwa sementi na msalaba. Lakini wazee wa Itale wa zamani hawakuzikwa hivyo. Mwenye mji, yaani boma la familia, akifa alizikwa ndani ya zizi lake, amefungwa kwenye ngozi ya ng’ombe, na jioni ng’ombe wakaingizwa wakalala juu yake. Kwato zinasawazisha, samadi inafunika. Haliwekwi jiwe. Mahali hasa alipolala wanapajua mjane wake na wazee wachache wa nzengo. Baba yangu alizikwa hivyo. Mimi nilikuwa Songwa, habari ilinifikia imechelewa, na nilipofika nilikuta zizi limekanyagwa limekuwa sawa kama uwanja. Mama alinionyesha zizi lote kwa mkono mmoja, akasema, “Yuko na ng’ombe wake.” Sikuuliza zaidi. Mtoto haulizi zaidi ya hapo kwetu.

Sasa akaja afisa ardhi, kijana msomi, mpole, kofia ngumu kichwani. Tukakutana kwenye zizi la Mzee Ngasa, ambaye alikuwa mkubwa wa nzengo.

“Mheshimiwa,” akaniambia, “makaburi nimeshayahesabu yote yanayoonekana.”

“Na yasiyoonekana?”

“Yasiyoonekana nitayahesabuje?”

“Nadhani umesimama juu ya mmoja.”

Aliruka pembeni kama amekanyaga kaa la moto. Nzengo walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Ngasa akamwambia, “Kijana, pole, lakini na hapo uliporukia pana mwingine.” Yule afisa akaomba aonyeshwe mahali pa kusimama. Kicheko kile ndicho cha mwisho ninachokikumbuka Itale.

Nikalichukua jambo lile. Nilikwenda wizarani, nikasimama bungeni, nikawaeleza zizi ni nini watu waliozaliwa ghorofani. Nilikaa na wanasheria wa mgodi, wasomi watupu, nikiwa peke yangu upande wangu wa meza, na nikawashinda. Kanuni ikapita: mjane au mkubwa wa mji anaonyesha mahali kwa mkono wake, wazee wa nzengo wanashuhudia, panachimbwa kwa heshima, na marehemu anahamishwa pamoja na ukoo wake. Mahali palipochimbwa pakikutwa hapana mtu, mji huo unahesabiwa hauna kaburi zizini. Kanuni hiyo ni maneno yangu. Wanasheria waliongeza koma tu. Mahali pengine popote kwenye ukanda huu wa migodi ilikuwa haijawahi kupatikana. Niliporudi Itale nilibebwa mabegani kwa ngoma, mtu mzito mimi, wakapokezana.

Kisha uchimbaji wa makaburi ukaanza. Mji wa kwanza mjane alionyesha mahali. Wazee wakashuhudia. Wakachimba kwa majembe, taratibu, wamevaa glavu, mchungaji amesimama na mganga amesimama, kila mtu na wake. Samadi, udongo, udongo, mwamba. Hakuna mtu. Mji wa pili, hakuna mtu. Kwa Mzee Ngasa mwenyewe, kwenye zizi alimomzika baba yake kwa mikono yake, hakuna mtu.

Afisa ardhi alinijia amekunja uso. “Mheshimiwa, watu wako wanatuchezea. Wamesema kuna makaburi ili wapate fidia.”

Hapo nilijua kuna kitu. Fidia haikuwa imetajwa na mtu yeyote wa Itale. Nikachukua kigoda nikaenda kwa Mzee Ngasa. Nilimkuta anachonga mpini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Masunga. Unakuja na kiti chako, kwa hiyo una jambo.”

“Baba yako mmempeleka wapi?”

Akaendelea kuchonga. “Hajapelekwa popote. Yupo.”

“Wamechimba hayupo.”

“Wamechimba nilipowaonyesha. Nimewaonyesha pembeni.”

Nilisogeza kigoda karibu. Akaniona, akaweka panga chini.

“Sikiliza, mwanangu. Tulikaa wazee na wajane tukalizungumza. Wewe umetupigania, tunashukuru. Lakini mtu ameshalala na ng’ombe wake, waje wavulana wasiomjua wamtie kwenye mfuko wa plastiki? Tukasema wachimbe pembeni wachoke, wazee wabaki. Na wakibaki, hiyo ardhi imebaki. Mashine ikifika kwenye zizi itasimama. Hakuna mtu anayechimba zizi lenye mwenyewe.”

“Mzee, wao wakikosa mtu wanahesabu hapana mtu. Ndivyo kanuni ilivyo. Mashine itapita.”

“Nani ataiendesha?”

“Kijana yeyote aliyeajiriwa.”

“Kijana yeyote ana baba,” akasema Mzee Ngasa, akachukua panga lake, akaendelea.

Mnanielewa? Si ujinga ule. Kwa maisha yote aliyoishi mzee yule, hakuna mtu aliyewahi kupitisha hata jembe kwenye zizi la mtu. Hata mji ukihamwa, zizi linaachwa linaota nyasi, watoto wanakatazwa kukata kuni humo. Kwake ilikuwa kama nimwambie kuna watu wanaotembea kwa kichwa. Nilizunguka nyumba kwa nyumba na kigoda changu, nikaongea mpaka sauti ikakatika. Walinisikiliza wote. Walinipa maji, walinipa viazi. Hakuna aliyebadilika.

Mji wetu ulikuwa wa mwisho. Mama alitoka na fimbo yake, mwembamba, amejifunga kitenge kipya kana kwamba anakwenda kanisani. Nzengo nzima imesimama, afisa ardhi yupo, watu wa mgodi wapo. Mama akatembea hadi kona ya zizi, mahali palipokuwa na mti wa mnyaa, akagonga chini kwa fimbo. “Hapa.”

Wazee wakashuhudia. Na mimi nikajua si hapo. Sikupajua penyewe, lakini mama nilimjua. Alikuwa hanitazami.

Hapo ndipo ujuzi wangu wote uliponiishia. Kusema, “Mama, si hapo,” mbele ya nzengo, ni kumwita mama yako mwongo juu ya kaburi la mumewe. Hakuna mwana wa kwetu aliyewahi kulisema hilo akarudi kula nyumbani. Kunyamaza ni kumwacha baba. Nilikuwa mbunge, nilikuwa nimesimamisha mawaziri wakajibu maswali yangu, na pale zizini nilikuwa na maneno mawili tu na yote mawili yalikuwa hayasemeki. Wakachimba. Samadi, udongo, mwamba.

Walipoondoka nilipiga magoti ndani kwa mama.

“Mayu, nionyeshe mimi. Peke yangu. Nitamtoa kwa mikono yangu, mgeni hatamgusa.”

“Ukimtoa utampeleka wapi? Kwenye vile vinyumba vya bati vilivyopangwa kama kiberiti? Zizi liko wapi huko?”

“Watampitia na mashine, mayu.”

“Masunga, wewe ulikwenda mjini ukiwa mdogo. Hujui mambo haya. Watasimama.”

Nimelitafuta kosa langu kwenye jambo hili, kwa miaka, na silioni. Ningeacha kuipigania kanuni, makaburi ya zizini yasingetafutwa kabisa. Niliipigania, na ndiyo iliyosema mazizi ya Itale hayana watu. Nilirudi wizarani kuomba muda. Nilipiga simu kwa kila mkubwa niliyemjua, na nilikuwa nawajua wote. Mmoja alinijibu kwa upole kabisa, “Mheshimiwa, kanuni ni yako.” Nilikwenda mahakamani, nikaulizwa ushahidi, nikasema ushahidi ni mama yangu, wakasema mama yako ameshaonyesha.

Watu wakahama kwa malori. Viwanja vipya vilikuwa vidogo, ng’ombe wakauzwa. Mzee Ngasa alikuwa anakaa kwenye baraza lake la sementi akimuuliza kila anayetoka upande ule, “Wamesimama?” Wakamwambia bado hawajafika. Baadaye wakamwambia wako karibu. Ikafika siku wakamwambia mashine zimepita, na tangu hapo hakuuliza tena. Nilipokwenda kumsalimu aliitikia marahaba akiwa ametazama ukuta. Alizikwa makaburi ya manispaa, kwa sementi, namba yake imechorwa kwa rangi.

Kura za maoni zilipokuja, wale wa Itale hawakunipinga. Hawakuja tu. Wagombea wenzangu wanasema walinishinda kwa hoja, nami nawaacha waseme.

Mama anakaa kwangu Nyasubi. Ana chumba chenye choo ndani, ana televisheni asiyoiwasha. Kutoka barazani kwangu siku ya hewa safi unaona mlima mrefu wa kifusi cha mgodi, haukuwepo nilipojenga. Mwaka huu, nikiwa sina cheo tena, aliniambia nimpeleke. Sikuuliza wapi.

Mgodi waliniruhusu kwa heshima ya zamani. Tulivalishwa kofia ngumu, ya mama ikakaa juu ya kilemba chake. Msimamizi wa zamu, kijana mstaarabu wa kutoka Mbeya, alitupeleka hadi kwenye ukingo wenye uzio.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Baba yako yupo?”

“Yupo, bibi, analima.”

Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu la swali jingine. Kisha akatazama shimo. Sijui niwaandikieje. Malori makubwa kuliko nyumba yalikuwa chini kabisa yanatembea kama wadudu. Alitazama kwa muda mrefu, akageuka kulitafuta jua, akatafuta kilima cha upande wa pili ambacho bado kipo, akapima kwa macho. Halafu akanyoosha fimbo yake mbele, haitetemeki, kuelekea katikati ya shimo, hewani, usawa wa vifua vyetu.

“Pale.”

“Pale wapi, bibi?” kijana akauliza, akiinama kutafuta chini.

“Pale. Kichwa upande wa kwa Ngasa, miguu mlangoni mwa zizi.”

Fimbo ilikuwa imeelekea mahali ambapo kulikuwa na hewa tu. Kijana alinitazama mimi. Redio yake ya mkononi ikasema jambo, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wanakaribia kulipua, kwa utaratibu wa usalama inabidi tuondoke ukingoni.

“Anasema nini?” mama akauliza.

“Anasema wanataka kupasua mwamba.”

“Waambie wasubiri kwanza. Wewe si ndiye mkubwa wao?”

Ninyi mnaoanza kazi, sina la kuwaelekeza juu ya hapo. Yote niliyofundishwa na Mama Kulwa nilikuwa nayo, na kigoda kilikuwa ndani ya gari. Nilimpungia mkono yule kijana, aliyekuwa ameshasogea kando na redio yake, kwa nguvu, kama mtu anayetoa amri. Naye akanipungia, akidhani naaga.

“Wamekubali?” mama akauliza.

“Wamekubali, mayu. Twende.”

Nilimpandisha garini, nikapandisha vioo vyote, nikafungulia redio sauti ya juu, kwaya ilikuwa inaimba. Mshindo ulipokuja tukiwa njiani, gari lilitikisika kidogo. Mama akasema barabara yao ni mbovu, na kwamba ningekuwa bado mbunge ningewasemea.